Mwizi wa Mji wa Shibe

Mtaani kwao Pangani, Ramadhani haikuhesabika kuwa imeingia mpaka Mwanamkasi binti Jumbe atandike jamvi lake uani baada ya sala ya alasiri. Hapo wanawake walianza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na kifurushi chake cha miyaa, majani ya kusukia, wakakaa, wakasuka ukili wa mikeka ya Idi huku matumbo yakinguruma, na yeye akawapa hadithi. Wanaume walijifanya hawana habari na hadithi za wanawake. Lakini ikifika futari, hao hao ndio waliouliza kwa sauti ya chini: "Enhe, leo amefika wapi?"

Kila mwaka ilikuwa hadithi moja tu. Aliianza mwezi ulipoandama, akaikata vipande vipande mpaka siku ya mwisho ya mfungo. Mahali palikuwa pale pale: mji mdogo uitwao Shibe, ambao haupo popote, wenye msikiti mmoja, kisima kimoja na watu wanaojuana hata kwa vikohozi. Na kila Ramadhani, mji wa Shibe ulipotelewa na kitu. Mwaka mmoja alipotea mbuzi wa Idi wa mjane. Mwaka mwingine ikatoweka kanzu ya bwana harusi, kambani, mchana kweupe. Mwingine tena ikaibwa ngoma ya kuamshia watu daku, watu wakalala fofofo mpaka jua likawatoka na njaa zao. Alikuwepo bibi mmoja mpika vitumbua, Bi Kirembwe, kiziwi wa sikio moja, ambaye alikaa na chano chake hana hili wala lile, kumbe anaona nani amebadili njia ya kwenda kisimani na nani siku hizi anajibu salamu upesi mno.

Wanawake walishindana kubahatisha mwizi ni nani. Aliyekosea alileta kaimati siku ya mwisho. Mboni, jirani wa ukuta mmoja na shoga wa Mwanamkasi tangu utotoni, alikosea kila mwaka na kila mwaka aliapa kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mimi nakwambieni ni yule mshona viatu! Macho yake tu hayatulii!"

"Haya Mboni, na kaimati zako safari hii zitiwe sukari, za mwaka jana tulizimeza kwa heshima tu."

Mambo yakishindikana huko Shibe, wazee walisimama msikitini wakatangaza kwamba kesho itasomwa halbadiri. Mtu wa pwani haambiwi halbadiri ni nini. Ni dua inayosomwa juu ya mwizi asiyejulikana, na inayemwangukia hapati salama: avimbe tumbo, arukwe na akili, afe. Lakini mjini Shibe halbadiri haikuwahi kusomwa hata mara moja. Tangazo lilitosha. Asubuhi ya Idi, takbira zikiwa bado zinasikika, mwizi alibisha hodi kwa Shekhe, kitu kikiwa kimefungwa kwenye leso, akilia. Na sikuzote alikuwa na sababu: njaa, wivu, mapenzi, ujinga. Shekhe alimshika mkono akamwingiza ndani, na watu wote, mwizi na mwibiwa, wakakaa sinia moja wakala pilau. Hapo wanawake uani kwa Mwanamkasi walishusha pumzi kama watu waliotuliwa mizigo, wakafuta machozi kwa ncha za kanga, wakaenda kuwasha moto.

Ukiwauliza kwa nini walizipenda hadithi zile, wangekujibu kwamba zinapunguza njaa. Si kweli. Hakuna mwanamke aliyekaa kwenye lile jamvi ambaye hakuwa amepotelewa na kitu, na hakuna aliyebishiwa hodi asubuhi ya Idi akarudishiwa. Mmoja alinyang'anywa shamba na kaka zake. Mwingine alizaa akazika, akazaa akazika. Huko Shibe walipewa kwa muda wa alasiri moja mji ambao kitu kikipotea kina aliyekichukua, na aliyekichukua ana uso na ana moyo, na mambo yote huisha kabla wali haujapoa. Nani angekataa?

Na Mwanamkasi mwenyewe ndiye aliyeuhitaji kuliko wote. Mumewe Mselem alikwenda Tanga kutafuta kazi bandarini, mtoto wao akiwa bado ananyonya, akasema atarudi kabla ya Idi. Idi ikaja. Wapo waliosema yuko Mombasa na mke mwingine, wapo waliosema amekufa maji, na wapo waliosema tu, kwa kuwa midomo ni yao. Hakuna aliyemletea hata kiatu chake. Ramadhani iliyofuata ndipo alipotandika jamvi kwa mara ya kwanza na kusema: "Hapo kale palikuwa na mji mmoja unaitwa Shibe."

Mtoto aliyeachwa akinyonya ndiye Msafiri. Alikua akawa mkwezi wa minazi, kijana mrefu, mkavu, mcheshi, asiyejua kuingia nyumbani bila kupiga kelele. Aliangua nazi katika mashamba ya Pangani mpaka Mwera, na wenye mashamba walimgombania kwa sababu alipanda upesi na hakuiba hata dafu. Jioni akirudi aliuliza hadithi imefika wapi, halafu akamchokoza mamake.

"Mama, wezi wako wa Shibe wema mno. Mwizi wa hapa angekwisha vuka mto zamani, yuko Bweni anauza."

"Nyamaza wewe, usinitie nuksi."

"Sasa mimi nikiiba, nitalia vile? Mbele ya Shekhe Hatibu wetu?"

"Utalia, na ntakuchapa juu yake."

Akacheka, akaenda kuoga. Alikuwa amemposa Sabiha, binti wa Mboni, na harusi ilipangwa baada ya Idi ya mwaka wa hamsini na sita. Mwanamkasi alijiona ni mtu aliyechelewa kupata, lakini aliyepata.

Mwaka huo mfungo uliangukia masika. Mvua ilinyesha hata miyaa ikakataa kukauka, na jua halikuonekana mara nyingi, kwa hiyo watu walifungua kwa saa ya msikiti. Saa yenyewe ilikuwa ya ukutani, ya mbao nyekundu, yenye kengele, iliyotolewa wakfu na tajiri mmoja wa Usagara, Tanga, na mtaa mzima uliionea fahari kupita kiasi. Ilitundikwa juu sana ili watoto wasiifikie. Aliyeitundika ni Msafiri, kwa kuwa hakuogopa kupanda, na yeye ndiye aliyepanda kila Ijumaa kuitia ufunguo.

Siku moja katika kumi la mwisho, waumini waliingia msikitini kwa sala ya adhuhuri wakakuta ukuta mtupu na msumari.

Ni aibu kulisema, lakini mtaa ulifurahi. Watu walisikitika kwa midomo, walipiga vifua, walisema dunia imeharibika, na macho yao yaling'aa. Shibe ilikuwa imewajia mpaka mlangoni! Siku ile uani kwa Mwanamkasi hakuna aliyetaka kusikia hadithi ya mwaka huo. Walitaka hii. Walimtia kinywani kila mtu: mwadhini, mpiga bati, mgeni aliyelala msikitini wiki iliyopita, hata mke wa mwadhini ambaye miguu yake haikumwezesha kupanda kizingiti. Walihesabu nani alionekana wapi, nani alikuwa na mwavuli mkubwa usio na maana. Mwanamkasi naye alichangamka. Alicheka, alisuka, aliwauliza maswali ya Bi Kirembwe kwa sauti ya Bi Kirembwe.

Mboni ndiye aliyesema. "Basi itangazwe halbadiri, yaishe! Si mwenyewe umetwambia miaka yote? Ikishatangazwa tu, mwizi hurudisha."

Wote wakamgeukia Mwanamkasi. Na yeye, kwa furaha ya kuulizwa jambo la kweli kama mtu mwenye kujua, akajibu: "Na itangazwe. Atarudisha."

Mume wa Mboni alikuwa mmoja wa wazee wa msikiti. Neno lilifika futarini, likatoka futarini likafika barazani, na Ijumaa likatangazwa. Asubuhi ya pili watu walitoka mapema kuliko kawaida, wakapita mbele ya mlango wa msikiti wakijifanya wana safari zao, kuangalia kama kuna kitu kimefungwa kwenye leso. Hakuna. Likatangazwa tena. Hakuna.

Shekhe Hatibu, imamu, mtu mpole na mwoga wa mambo mazito, alitaka yaachwe hapo. "Saa ni mbao na chuma," aliwaambia. "Halbadiri si mchezo wa watoto." Lakini wazee walisema wameshatangaza, na wasiposoma watachekwa mpaka Tanga, na kila mwizi atajua kwamba Pangani ni tishio tupu. Katika hadithi za Shibe hapakuwa na kipande hiki. Hakuna aliyejua lifanywe nini mwizi asipokuja, kwa hiyo walifanya lililosemwa.

Ilisomwa mchana, baada ya adhuhuri, mvua ikipiga bati. Mwanamkasi alizisikia sauti akiwa uani kwake, akaacha kusuka. Aliingiwa na baridi ambayo hakuielewa. Msafiri alikuwa humo ndani, amekaa safu ya pili, na kwa mujibu wa kila aliyekuwepo aliitikia "Amin" kwa sauti kubwa pamoja na wenzake. Aliporudi alisema, "Mama, leo sikucheka. Yule mtu, popote alipo, namhurumia."

Asubuhi yake alikwenda Mwera. Mwenye shamba alitaka nazi ziondoke kwenda Tanga kabla ya Idi, na Msafiri alikuwa na harusi mbele yake, hakutaka kukataa kazi. Mamake alimwambia minazi imelowa. Alijibu kwamba minazi imelowa tangu mwezi uandame, na yeye bado ana miguu miwili.

Karibu na lile shamba palikaa wafanyakazi wa mkonge waliotoka bara, na mmoja wao alikuwa Praxeda, mke wa Tadeo, Mkatoliki, aliyekuwa akija Pangani kununua mikeka kwa Mwanamkasi. Siku ile alikuwa chini anaokota nazi kwa ujira. Yeye ndiye aliyeona. Msafiri alikuwa juu kabisa, amefunga, hajanywa maji tangu alfajiri, anawatania wanawake waliokuwa chini kwamba wakae mbali asije akawapasua vichwa kwa nazi. Akasogeza mguu kutoka kidato kimoja kilichochongwa mtini kwenda kingine. Kidato kilikuwa na ukungu wa kijani. Mguu ukateleza. Alipofika chini hakusema neno.

Tadeo na wenzake walimleta mjini kwenye lori la mkonge, wamemfunika kwa shuka la Praxeda. Mwanamkasi alipolisikia lori likisimama mlangoni alidhani wameleta nazi.

Unaweza kudhani kwamba mji ulipiga ukelele. Mji ulinyamaza. Hilo ndilo lililomkata maini kuliko kifo chenyewe. Wanawake waliingia msibani kama ada inavyotaka, wakakaa karibu na mlango, na kilio chao kilikuwa kifupi. Macho yao yalipanda kwenye dari, yakateremka uvunguni, yakapita kwenye makapu. Wanaume walichimba kaburi wakaswali, na waliporudi hawakukaa barazani. Walikuwa wamekwisha pata jawabu. Halbadiri imesomwa, na kesho yake mtu amedondoka kutoka juu, na mtu mwenyewe ni yule aliyezoea kuipandia ile saa. Mambo yaliingiana kama kifuniko na chungu. Bi Kirembwe mwenyewe asingeyapanga vizuri zaidi.

Praxeda alijaribu. Alisimama katikati ya msiba, na kanga yake ina tope, akasema, "Mti ulikuwa umelowa. Mimi nilikuwepo. Mguu uliteleza." Wakamtazama kwa upole ambao mtu humtazamia mgeni. Huyu hajui mambo ya halbadiri, walisema alipotoka. Kwao si mti unaoteleza, ni mtu anayetelezeshwa.

Mboni ndiye aliyekaa karibu na mfiwa. Alimshika goti, akamkurubia sikioni, na Mwanamkasi alidhani anataka kumpa pole.

"Shoga," alinong'ona, "hakukwambia alikoiweka?"

Mwanamkasi aliuondoa ule mkono gotini.

Sabiha hakuruhusiwa kuja. Mahari yalirudishwa na mtu wa kati, yamefungwa vizuri. Siku ya Idi hakuna sahani iliyopita ukuta kutoka kwa Mboni, wala kutoka nyumba nyingine yoyote, na Mwanamkasi alikaa uani akasikia watoto wakipita na nguo mpya. Baadaye watu walikwenda kuchimbachimba kwenye kipande cha shamba ambacho Msafiri alikuwa analima mihogo. Walitoboa makuti ya jiko la mamake, kwa adabu, wakiomba ruhusa. Hawakuona kitu. Wakasema basi ameiuza, na hilo nalo likaingiana.

Saa haikuonekana tena mpaka leo.

Mwanamkasi angekuwa na hakika, angevumilia. Mama mwenye hakika anaweza kusimama mbele ya mji mzima akautukana mpaka ukaona haya. Lakini alikuwa amewafundisha watu kutafuta mwizi mwaka baada ya mwaka, na mkono uliozoea kazi haukumwacha. Alikaa kitandani akashika tama, na vipande vikaanza kujipanga vyenyewe. Mbona siku saa ilipopotea alichelewa kurudi? Mbona alisema anamhurumia yule mtu? Mbona aliwahi kusema kwamba wa hapa angekuwa Bweni anauza? Harusi ina gharama. Alijizaba kofi kwa mawazo hayo. Kisha aliinuka, akapekua kitanda cha marehemu mwanawe, akapapasa godoro la usumba mshono kwa mshono, akalia kwa kukosa kitu na akalia kwa sababu alikitafuta. Akamchukia aliyeanza haya yote. Kila alipotafuta jina la mtu huyo alifika kwake mwenyewe.

Alikwenda kwa Shekhe Hatibu.

"Shikamoo, Shekhe."

"Marahaba, Bi Mwanamkasi. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuuliza. Halbadiri inakosea?"

Shekhe alitazama mikono yake. Tangu ule msiba alikuwa amekonda, na katika sala alisahau aya. "Mungu hakosei," alisema.

"Sikuuliza Mungu. Nimeuliza nyinyi mliosoma."

Shekhe angeweza kusema: tulisoma, na mvua ilinyesha, na sijui lolote zaidi ya hayo. Pengine alilisema moyoni. Lakini kulisema kwa sauti ilikuwa ni kuwaambia wazee wote kwamba walikaa wakamwombea balaa mtu asiyejulikana halafu balaa likampata asiye na kosa, na yeye ndiye aliyekuwa mbele yao. Alisema, "Mwombee maghufira, mama. Mlango wa msamaha haujafungwa." Naye Mwanamkasi alielewa kwamba hata huyu amekwisha mhukumu, kwa maana asiyekosa haombewi msamaha wa saa.

Mwaka ulipita hivyo. Alisuka mikeka akamuuzia Praxeda, ambaye alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi na mkungu wa ndizi au kibaba cha maharagwe, akakaa, mara nyingine bila neno. Kwa wengine alikuwa mama wa mwizi. Hawakumtukana. Walimpisha njiani.

Ramadhani ya hamsini na saba ilipoingia, jamvi halikutandikwa. Siku za kwanza zikapita. Kisha alasiri moja Mboni alibisha hodi, na nyuma yake wanawake wengine, na miyaa mikononi.

"Shoga," alisema Mboni, na macho yake yalikuwa mekundu, "yaliyopita yamepita. Tumekumbuka hadithi."

Hawakuja kwa uovu. Walikuwa na njaa, mvua ilinyesha, na mwaka mzima hawakuingia Shibe. Mboni zaidi ya wote hakuwa na raha: Sabiha alikataa kila mchumba aliyekuja, na mama mtu hulala macho akikumbuka ni nani aliyesema itangazwe. Mwanamkasi aliwatazama, akaingia ndani, akatoka na jamvi.

"Hapo kale," alisema, "palikuwa na mji unaitwa Shibe. Na mwaka huo, ilipotea saa ya msikiti."

Vidole vyote vilisimama. Hakuna aliyeinuka.

Alikuwa na azma. Angeisimulia mwanzo mpaka mwisho, na siku ya mwisho angemtaja mwizi, na mwizi asingekuwa mkwezi. Mji uliomhukumu mwanawe kwa hadithi ungemsafisha kwa hadithi. Alasiri kwa alasiri aliijenga, na hakuwahi kusimulia vizuri vile. Alimweka mkwezi kijana, mcheshi, mwenye mchumba. Alimweka tajiri aliyeitoa saa na kuijutia. Alimweka mwadhini mwenye deni la siri. Alitupa alama huku na huku, na wanawake wakaanza tena kubishana, kwa sauti za chini kwanza, kisha kwa kelele. Baadhi yao walianza kusema kwamba mkwezi haelekei. Mmoja aliapa ni tajiri. Praxeda, ambaye siku za Jumamosi alikaa pembeni akisikiliza, alimtazama Mwanamkasi kwa furaha, kwa kuwa aliona anakoelekea.

Siku ya mwisho ua ulijaa mpaka kibarazani. Watu walitulia. Mwanamkasi alifika asubuhi ya Idi ya Shibe, takbira zinasikika, Shekhe yuko ndani kwake anavaa joho, na mlango unabishwa hodi.

Akanyamaza.

Ilikuwa amlete tajiri. Maneno yalikuwa tayari. Lakini alipoutazama ule mlango ndani ya kichwa chake alimwona tajiri amesimama pale, mnene, mwenye leso yake, na akamtafuta Msafiri, hakumwona. Mkwezi asiye na kosa yuko wapi asubuhi ile? Yuko kwao, mahali fulani, hana habari. Hadithi haina haja naye. Hashikwi mkono, haitwi ndani, hapakuliwi. Anayebisha hodi ni mmoja tu, na mlango wa Shibe hufunguliwa kwa mwizi peke yake.

Alitamani kumwona anaingia. Alitamani kuliko kitu chochote alichowahi kutamani.

"Shekhe akafungua," alisema, na sauti yake ikawa nyembamba. "Na aliyesimama pale alikuwa yule mkwezi. Mzima, miguu yake miwili. Analia. Ana saa mikononi, ameifunga kwenye kanga ya mamake. Akasema, Shekhe, nilitaka kuiuza, nina harusi. Shekhe akamshika mkono. Akamwambia, ingia, mwanangu, ingia ule. Na mamake alikuwa ndani, na mchumba wake yuko ndani, na sinia lilikuwa limeshatengwa. Akakaa. Akala. Akashiba."

Ua wote ulilia. Mboni alijitupa miguuni mwa Mwanamkasi akamkumbatia magoti, akilia kwa sauti, uso umemfunguka kama mtu aliyepona. "Mungu amsamehe Msafiri," alisema. "Mungu amrehemu, mwanetu. Tumemsamehe, shoga, wallahi tumemsamehe sote." Na wengine wakaitikia, wakamwita kwa jina, marehemu Msafiri, jina ambalo mwaka mzima hakuna aliyelitamka mbele yake. Walimbusu viganja. Waliahidi kwamba kesho sahani zitapita ukuta mpaka akose pa kuziweka. Kisha wakakumbuka futari, wakakusanya miyaa, wakatoka haraka haraka, wakizungumza.

Praxeda alibaki peke yake. Alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono.

"Mama," alisema, "mbona umemtaja yeye? Hakuiba. Mimi na wewe tunajua hakuiba."

"Kama asingeiba, mwanangu, asingerudi," alisema Mwanamkasi.

Huko nje sauti zilikuwa zikipita nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, na hakuna tena aliyesema Shibe. Kabla mwezi wa Idi haujaonekana, Pangani nzima ilikuwa imekwisha pata habari, kutoka kinywani mwa mama yake mzazi, kwamba Msafiri ndiye aliyeiba saa.